Kiboko na Kilemba cha Ukoka

“Kwani masikio yangu yamemkosea nani?”

Swali hilo liliulizwa saa nne ya asubuhi, ukingoni mwa bwawa, mbele ya wanyama zaidi ya arobaini. Aliyeuliza ni Kihongwe, binti wa Punda, bado mdogo, miguu yake mirefu kuliko akili ya kuitumia. Aliuliza kwa sauti, kila mtu akasikia. Swala alitazama kwato zake. Ngiri alijikuna. Kobe, ambaye masikio hana kabisa, hata umgeuze chali uyatafute, alikohoa. Hakuna aliyejibu.

Kaeni basi niwaeleze mambo yalivyofika hapo. Ila siwezi kusema peke yangu kama mwenye homa. Nikiita, itikieni.

Ngano mbichi!

*Ianike!*

Ngano kavu!

*Itwange!*

Pumba je?

*Peperusha!*

Punje je?

*Tugawie!*

Haya, nawagawia.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Visima vilikauka, mto ukageuka njia ya mchanga, likabaki bwawa moja tu. Na ndani ya bwawa hilo aliishi Bwana Kiboko.

Kiboko alikuwa kiboko kwa jina, na kiboko kwa maneno yake mwenyewe. Tumbo kama pipa. Mdomo, akiupanua, ungeweza kulaza ndani yake mbuzi na mwanawe. Lakini masikio! Masikio yake yalikuwa kama vifungo viwili vya shati, na kila alipoibuka majini yalizunguka yenyewe kukung’uta maji. Pfuuu! Viringi-viringi. Pfuuu! Viringi-viringi.

Kiboko alitaka maji yote yawe yake. Angelisema hivyo waziwazi, wanyama wangelimvamia. Kwa hiyo hakusema habari za maji. Alisema habari za urembo.

“Ndugu zangu,” alianza, “maji yetu yanachafuka. Nimechunguza sana, nimegundua chanzo. Ni masikio. Mtu anainama kunywa, masikio yanamtangulia kuingia. Na sikio ni nyumba ya nta. Kuanzia leo atakayekunywa hapa ni mwenye sikio la heshima.”

“Sikio la heshima ndilo lipi, mheshimiwa?” aliuliza Ngiri, ambaye hupenda kuuliza maswali yenye majibu mepesi.

“Hili,” alisema Kiboko. Viringi-viringi.

Akakata bua, akalipima na sikio lake mpaka likalingana nalo. Bua lenyewe lilikuwa fupi kama kidole. Mpango ukaanza.

Swala akaja. Akapimwa. Limezidi. “Nyuma!”

Sungura akaja. Akapimwa. Limezidi. “Nyuma!”

Tembo hakungoja kupimwa. Aliita ukoo wake wote, wakaondoka kwenda nchi nyingine.

Kobe akaja. Likatafutwa sikio, halikuonekana. “Mbele!”

Wenye masikio mafupi wakishamaliza kunywa, Kiboko alijitupa bwawani chubwi, akajinyoosha ukingo hadi ukingo. Walio nyuma wakifika walikuta tope tu. “Pamejaa,” alisema. “Jaribuni kesho.”

Ndipo ikafika zamu ya Kihongwe. Mama yake alimsukuma mbele kwa pua. Bua likawekwa sikioni kwake. Bua moja. Mabua mawili. Mabua matatu, na ncha ya sikio bado imebaki juu inatikisika.

“Masikio ya punda!” akapiga kelele Kobe, na wanyama wakaangua kicheko. Kwa-kwa-kwa! Hata Swala alicheka, yeye aliyerudishwa nyuma dakika tano zilizopita. Jamani, mtoto wa punda alitakiwa awe na masikio ya nani? Ya samaki?

Kihongwe alingoja kicheko kiishe, ndipo akauliza lile swali lake. Mmeshasikia alivyojibiwa.

Kiboko peke yake ndiye aliyefungua kinywa, naye hakuwa akimjibu mtoto. Alimwambia Punda: “Mama, mpeleke kwa fundi. Akirudi na sikio la heshima, atakunywa. Asiporudi nalo, alambe umande.”

Juu ya mgunga wa pale ukingoni, kwenye tawi la chini, alikuwa ameketi Komba, ambaye watoto wote walimwita shangazi. Komba hulala mchana, lakini mwaka ule kiu haikumpa mtu usingizi. Ni kiumbe kidogo, anaenea kwenye kofia. Macho yake makubwa, na masikio yake makubwa zaidi, membamba, ya kukunjika. Watu wakimwona mlevi husema amelewa kama komba, na jambo hilo lilimuudhi sana, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akipepesuka. Tangu utotoni hakuna ubishi uliompita bila yeye kuingia. Ukisema usiku, atauliza usiku wa wapi.

Lakini Kihongwe alipouliza, Komba naye alinyamaza.

“Koo lilikuwa kavu,” alijiambia. Akajua si koo. Alikuwa ameogopa kupimwa.

Jambo hilo likamchoma kifuani. Akashuka mtini, akawafuata Punda na binti yake kwa mbali.

Fundi wa masikio wa nchi ile alikuwa Mama Nungunungu. Sindano hakununua, alizaliwa nazo. Kwenye mwamba aliokaa chini yake alikuwa amechora masikio ya kila namna, kama mafundi cherehani wanavyobandika picha za magauni ukutani, na wateja walikuja wakanyoosha kidole: nataka mshono huu, nataka mshono ule. Walikuja wakubwa, na watoto waliletwa. Nungunungu alikuwa fundi hasa. Aliwauliza wateja maswali mengi kuliko walivyomuuliza yeye.

Siku hiyo alikuwapo pia Bibi Tandala, mwanamke wa makamo, kichwa kimefungwa kilemba cheupe. Alikuwa amekuja kutazamwa nyuzi.

“Fundi,” alisema Punda bila hata kuketi, “mpunguzie huyu.”

“Karibu kwanza, dada. Na sikio halipunguzwi kama suruali. Linalazwa.” Nungunungu alimvuta Kihongwe karibu, akamshika sikio taratibu kwa vidole viwili. “Nachana kidogo hapa nyuma, pasipoonekana. Ndani kuna gegedu, ule mfupa laini. Naupinda, natia nyuzi, sikio linalala karibu na kichwa. Halafu namfunga kilemba wiki nzima. Halafu kitambaa cha kulalia, wiki sita.”

“Inauma?” aliuliza Kihongwe.

“Wakati wa kushona, hapana, nitakupa dawa ya ganzi. Baadaye, ndiyo, siku chache. Sikudanganyi. Na kuna masharti. Kilemba kisilowe hata tone. Usipigane wala kuchezeana mateke. Na siku za mwanzo usipanue mdomo kwa makelele, ngozi itavutika.”

Bibi Tandala aliwageukia. “Mimi nimelitamani jambo hili tangu nikiwa na umri wako, mwanangu,” alimwambia Kihongwe. “Sikuchekwa na mtu. Ni mimi tu nikijitazama majini nilisema, lo, hapana. Nimengoja mpaka wanangu wamekua, nikaja. Usiku nyuzi zinanitekenya nashindwa kulala, lakini asubuhi nikiamka nafurahi. Wewe je, nani amekutuma?”

Kihongwe alifikiri. Akafikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka majanini.

“Nimetumwa na kiu,” alisema.

Nungunungu akairudisha sindano mgongoni. “Basi mimi simshoni,” alisema. “Aje aliyetaka mwenyewe, nitamshona, mkubwa au mdogo. Aliyetumwa na kiu simgusi.”

“Kwa hiyo afe na masikio yake?” Punda alisema. “Wewe una maneno mazuri, fundi, lakini mwanangu hajanywa tangu juzi. Mtazame ulimi. Na ukimshona, hizo wiki saba atakunywa wapi? Kiboko atasema kilemba nacho ni sikio!”

Nungunungu aliutazama ule ulimi. Akamtilia Kihongwe mafunda mawili kutoka kibuyu chake, na kibuyu kikaisha.

Nyuma ya jiwe, Komba alikuwa amesikia yote. Akayahesabu masharti kwa vidole. Kisilowe. Asipigane. Asipanue mdomo. Akayahesabu tena. Kisha akacheka peke yake bila sauti, mabega tu yakitikisika. Sasa alijua nani anahitaji kushonwa.

Asubuhi iliyofuata Komba alifanya jambo ambalo makomba wote hulijua tangu utotoni, ila hawalitangazi. Alikunja masikio yake. Mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayefunga mwavuli, pya, pya, pya, mpaka yakalala kichwani hayaonekani. Akaenda bwawani.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

Pfuuu! Viringi-viringi. “Marahaba. Nani huyo? Komba? Umelewa?”

“Sijalewa, mheshimiwa.”

“Masikio yako yako wapi?”

“Yamelazwa. Tazama mwenyewe, nifanye nini kingine kumuenzi kiongozi wangu?” Akageuza kichwa huku na huku. “Mheshimiwa, nina hoja. Naomba nafasi.”

“Toa, lakini iwe fupi. Nina maji ya kulinda.”

“Wewe ndiwe kipimo cha nchi hii. Kweli si kweli?”

“Kweli tupu.”

“Na kipimo hutulia. Bua limetulia. Jiwe limetulia. Lakini masikio yako, samahani sana, yanazunguka. Sasa jana Ngiri alikuwa akiuliza: bua lile lilipokatwa, sikio lilikuwa limeelekea wapi?”

Kiboko alisimama ghafla, maji yakamwagika ukingoni. “Ngiri amesema hivyo?”

“Sikusema amesema. Nimesema ameuliza.”

“Kumbe mnafiki! Nami humtanguliza kunywa!”

“Ndiyo maana nimekuja, mheshimiwa. Nenda kwa Nungunungu, ukalazwe masikio yatulie. Yakilala yatakuwa madogo zaidi. Yakiwa madogo zaidi, bua nalo litakatwa upya, fupi zaidi. Na bua likiwa fupi zaidi...” Komba akamwachia amalizie mwenyewe.

Kiboko alimalizia. Ungeweza kuliona wazo likitembea chini ya ile ngozi nene, polepole, kutoka paji hadi mdomoni. “Ngiri atakwenda nyuma,” alisema.

“Nyuma.”

“Pimbi atakwenda nyuma.”

“Nyuma!”

“Na Kobe?”

“Kobe tutamtungia kanuni yake.”

“Maji yote!” alinong’ona Kiboko, na mate yakamdondoka.

“Na tena,” Komba aliongeza, kana kwamba alikuwa anasahau, “fundi akimaliza, wewe hutafungwa kitambaa kama wateja wengine. Nitakusukia mimi mwenyewe kilemba. Kilemba cha ukoka.”

Ngiri, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika kunywa upande wa pili, alipaliwa. Mtoto gani hajui kilemba cha ukoka ni nini? Ni sifa za uongo anazovikwa mtu mpaka anapotea. Lakini Kiboko hakuwa mtu wa misemo. Kwake ukoka ulikuwa chakula.

“Ukoka mbichi?” aliuliza.

“Uliochumwa leo leo, mheshimiwa.”

“Mwingi?”

“Kadiri ya kichwa chako.”

“Basi twende,” alisema Kiboko, “kabla haujanyauka.”

Nungunungu alipomwona Kiboko anakuja alidhani amekuja kubomoa mwamba. Aliposikia shida yake, alimtazama Komba. Komba alitazama juu.

Fundi ni fundi. Akauliza kama alivyouliza siku zote. “Ni wewe mwenyewe unayetaka?”

“Ndiyo.”

“Hujatumwa na mtu?”

“Mimi? Nani wa kunituma mimi?”

“Nakuuliza mara ya tatu, maana nyuzi nikishazitia hazifutwi kama chaki. Unataka?”

“Nataka, nataka, nataka! Nichagulie mshono.”

“Kwanza nikueleze masharti ya kupona.”

“Masharti mweleze Komba. Mimi nitazame picha.”

Hivyo ndivyo wateja wengi walivyo. Huuliza mshono, hawaulizi kupona. Nungunungu hata hivyo aliyasema masharti yote, polepole, kwa sauti ya kusikika, huku Kiboko akivutiwa na mchoro wa sikio la bundi. Kisha akampaka ganzi, akachomoa sindano.

Choma, vuta. Choma, vuta. Choma, vuta, kaza.

“Tayari?”

“Bado kidogo.”

Choma, vuta. Choma, vuta. Choma, vuta, kaza.

Akamaliza sikio la kulia, akahamia la kushoto. Kazi safi, hata adui yake angeisifu. Kisha Komba akaleta ukoka, mzigo baada ya mzigo, akamzungushia kichwani kwa mizunguko kumi na mmoja. Kiboko akasimama. Alionekana kama kichuguu kilichoota nyasi.

“Nimependeza?”

“Hakuna aliyewahi kuvikwa kilemba kama hicho,” alisema Komba. Hilo lilikuwa kweli.

Kiboko akashuka mbio kwenda bwawani ajitazame. Tifu, tifu, tifu! Akainua mguu wa mbele, anataka kuingia—

“Simama!” Komba alikuwa amemtangulia ukingoni. “Sharti la kwanza. Kilemba kisilowe hata tone.”

“Nitaingia mwili tu. Kichwa kitabaki nje.”

“Na ukisinzia?”

Kiboko alijijua. Hakuwahi kuingia majini asisinzie. Akarudisha mguu. Hasira ikampanda, akavuta pumzi, akaanza kupanua ule mdomo wa kulaza mbuzi na mwanawe—

“Sharti la pili! Usipanue mdomo, nyuzi zitafumuka!”

Mdomo ukafungwa. Puu.

“Nitakupiga wewe!” alisema kwa meno yaliyobana.

“Sharti la tatu,” alisema Komba kwa upole, “usipigane.”

Kiboko akageuza shingo taratibu, akamtazama Nungunungu aliyekuwa amefuata nyuma. “Ni kweli haya?”

“Kweli kabisa,” alisema Nungunungu. “Ndiyo niliyokueleza ukiwa unatazama bundi.”

“Mpaka lini?”

“Kilemba wiki moja. Kisha kitambaa cha kulalia wiki sita. Kila unapolala, uwe nacho, na kiwe kikavu.”

“Na mheshimiwa hulala saa ngapi?” aliuliza Komba.

“Mchana kutwa,” alisema Kiboko.

“Wapi?”

Kiboko aliinamisha kichwa. Alitazama maji yake.

Siku hiyo wanyama walikunywa. Swala akaja, hakuna bua. Akanywa. Sungura akaja, hakuna bua. Akanywa. Punda akamleta Kihongwe, na Kihongwe akashusha kichwa, na masikio yake marefu yakaingia majini kabla ya mdomo, yote mawili, na hakuna aliyesema neno. Chwa, chwa, chwa. Alikunywa mpaka akatosheka. Mama yake alimwangalia tu, hakunywa yeye mpaka mtoto alipoinua kichwa.

Kiboko alikaa kivulini hatua ishirini kutoka hapo. Ngozi yake, isiyozoea kukauka, ilianza kupasuka kama tope lililokauka. Inzi wakamjia. Ukoka ulimnukia puani, na hakuweza kuula, maana ndio uliokuwa kilemba. Mchana wa tatu alinyoosha ulimi akachuna jani moja la pembeni. Mchana wa nne, mawili.

Wanyama wakazoea kupita pale makusudi. Kobe ndiye aliyeanza. “Shikamoo, kilemba!” alisema, na wote wakaangua kicheko. “Kilemba cha ukoka!” Kwa-kwa-kwa! Swala akacheka. Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. Na Komba, juu ya tawi lake, alicheka kuliko wote, maana utani ule ulikuwa wake na kila aliyeurudia alikuwa kama anampigia makofi.

Kihongwe hakucheka. Alichukua kibuyu cha Nungunungu, akakijaza bwawani, akaenda akamwagia Kiboko mgongoni, taratibu, kutoka mabegani kushuka chini, kichwa hakukigusa. Akaenda tena, akarudi tena. Mara ya tatu, Kiboko alifumbua jicho.

“Asante, Masikio,” alisema.

Mnasikia? Mgongo wake bado unachuruzika maji ya mtoto, na hajalijua jina lake. Hakuuliza.

Komba alishuka kwa hasira. “Mwanangu, acha! Huyu alitaka ufe kiu. Hastahili hata tone.”

“Najua, shangazi.”

“Sasa unamwagia kwa nini?”

“Ngozi inapasuka.” Kihongwe alikuwa anajaza kibuyu tena. “Shangazi, nikuulize?”

“Uliza.”

“Siku ile nilipopimwa, nilikuwa nimefumba macho. Sikuona nani anacheka, nilisikia tu sauti. Leo pia nimefumba macho, nikasikiliza.” Akainua kibuyu. “Ni sauti ileile. Safari hii na yako imo.”

Komba, ambaye hakuna ubishi uliompita, alikwishafungua mdomo abishe. Alikuwa na hoja. Alikuwa nazo tatu. Ya kwanza, kwamba mwonevu akichekwa si sawa na mtoto kuchekwa. Na hoja hiyo ni nzuri, hata mimi ningeisimamia mbele ya watu. Lakini aliigeuza na kuigeuza pale ukingoni, akaona kwamba Kiboko hakuwa akichekwa kwa kuwanyima watu maji. Alikuwa akichekwa kwa kichwa chake kilivyofungwa.

Bibi Tandala alikuwa akipita hapo karibu, na kilemba chake cheupe. Komba alimwona anainamisha kichwa, anazunguka njia ya mbali, asipite mbele ya wanaocheka.

Komba akapanda mtini. Kesho yake Kobe aliposema “Shikamoo, kilemba,” alisikia sauti kutoka juu: “Kobe, unataka kusema jambo kuhusu maji, sema. Huna, kunywa uende.” Kobe akanywa, akaenda.

Wiki ya kilemba ikaisha. Ukaja wakati wa kitambaa cha kulalia, na Kiboko akaendelea kulala nchi kavu, akijikokota jioni kulowesha tumbo tu, mdomo kaufunga kama mkoba. Wiki ya pili. Ya tatu. Ya sita ilipokuwa inaisha, mawingu yalijikusanya upande wa milimani, na ngurumo ikasema gu-du-gu-du-gudu. Mvua ikashuka. Ilinyesha siku nne. Mto ukakumbuka njia yake, visima vikajaa, kila shimo la kwato likawa kisima kidogo. Nani tena angepanga foleni bwawani?

Kiboko alirukia majini, chubwi! Akazama, akaibuka. Pfuuu! Masikio yalikuwa yametulia tuli, yamelala vizuri kichwani. Alijitazama majini, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto. Alifurahi, tena sana, na sitamnyang’anya furaha hiyo. Kazi ya Nungunungu ilikuwa nzuri. Akakata bua jipya, fupi kama punje ya mahindi, akaketi kungoja watu wa kupima.

Nasikia bado anangoja.

Mvua ilipopisha kidogo, Punda alimchukua binti yake, wakarudi kwa Nungunungu. Komba alikuwapo, alikuja kurudisha kibuyu.

“Tumekuja kwa ile kazi, fundi,” alisema Punda. “Maji yapo, mtoto ana nguvu. Na kiangazi kingine kitakuja, na Kiboko mwingine. Mimi nimechoka kumwona analia. Mshone, yaishe.”

Nungunungu hakumbishia. Mama aliyemwona mwanawe na ulimi mkavu habishiwi. Alimgeukia Kihongwe. “Na wewe? Sasa kiu haipo. Unataka?”

Kihongwe alitazama michoro ya mwambani, mmoja baada ya mwingine. Komba alitaka kumsaidia, maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, mazuri, yamepangwa, akayameza yote.

“Sijui,” alisema Kihongwe mwishowe. “Tangu nijue nina masikio, nimekuwa nachekwa au nina kiu. Sijawahi kukaa nayo hivihivi. Nataka kwanza nikae nayo nikiwa nimeshiba maji, nione kama bado nitayataka mengine.”

“Na ukiyataka?” aliuliza mama yake.

“Nitakuja. Kama Bibi Tandala.”

“Na usipoyataka?”

“Nitakuja pia, kumsalimia fundi.”

Punda akamtazama binti yake kama mtu aliyekutana naye njiani sasa hivi. Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho kwa bega. Nungunungu akairudisha sindano mgongoni. Wakatoka wote nje, na Kihongwe akaanza kukimbia juu ya majani mabichi, masikio nyuma, lapu-lapu, lapu-lapu, mpaka akapotea bondeni.

Ngano yangu imefika ukingoni, maji yamenifika magotini, sivuki zaidi. Aliyeshiba asuuze bakuli, asiyeshiba akapike yake.

Na funzo? Ngano lazima iwe na funzo, ndivyo nilivyofundishwa. Basi funzo ni hili, liandikeni: wakubwa hawakosei vipimo. Ukizidi bua, kosa ni lako. Masikio madogo ndiyo yenye heshima, anayekunyima maji anakutakia usafi, na mtoto akiuliza swali gumu, kohoa. Mwenye hoja dhidi ya hilo anyooshe mkono.

Nimalize kwa ombi moja tu. Ukikutana na mtu amefungwa kitambaa kichwani, awe mtoto au mtu mzima, usikitazame kitambaa. Mtazame machoni, msalimie, mpishe apite.